Je, wajua kwa nini ukijikataza kuwaza jambo ndipo linapokuganda?

Mwaka 1987, mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kitoto: kwa dakika tano, semeni kila kinachowapitia kichwani, ila msimfikirie dubu mweupe. Akikujia, gonga kengele. Kengele ziligongwa kweli. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajaa kichwani kuliko walioruhusiwa tangu mwanzo.

Maelezo ya Wegner ni kwamba ili uhakikishe huwazi kitu, lazima akili iweke mlinzi wa kukichungulia, na huko kuchungulia ndiko kunakokiita. Kujishughulisha na mengine kunataka nguvu. Mlinzi hahitaji nguvu nyingi. Ukichoka, anabaki peke yake kazini. Ndiyo maana maneno ya bosi uliyoyapuuza mchana kutwa hukurudia saa sita usiku, neno kwa neno.

Hisia nazo hazifichiki kirahisi. Wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu za kutia kinyaa, wengine wakaambiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia, lakini vidole vilitoa jasho zaidi.

Basi tuache kujikaza? Hapana, na hapa washauri wengi huteleza. Nesi anayepokea majeruhi hawezi kuangua kilio wodini. Mwanasaikolojia George Bonanno aliwafuatilia wanafunzi wa New York baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Waliokuja kuwa na nafuu zaidi ni wale walioweza yote mawili, kuonyesha hisia na kuzizuia, kadiri hali ilivyotaka.

Kinachobaki ni jinsi unavyojisemesha. Shoga yako akikosea hesabu za kikoba utamwambia, "Pole mwaya, wangapi yamewakuta." Ukikosea wewe, unajiita mpumbavu. Wengi huona kuwa mpole kwa nafsi yako ni kujidekeza, na kwetu sisi tuliolelewa kwa "jikaze" hofu hiyo ni kubwa. Mwaka 2012 wanasaikolojia Juliana Breines na Serena Chen walilipima hilo. Wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa msamiati, wakaboronga. Kundi moja likaambiwa si wao tu, wasijilaumu mno. Jingine likasifiwa akili. La tatu halikuambiwa kitu. Kabla ya kurudia mtihani, waliodurusu muda mrefu zaidi ni wale walioambiwa wasijilaumu.