Je, wajua kwa nini mchoraji mkongwe hachoki kuchora kitu kilekile?

Pale Ujiji kuna mzee anayepata riziki kwa kuandika mabango ya maduka. Picha anazochora kwa raha yake mwenyewe, miaka nenda miaka rudi, ni za jambo moja tu: wavuvi wa dagaa usiku, karabai zikiwaka juu ya Ziwa Tanganyika. Nimezikuta kwa kinyozi, nimezikuta gesti, na moja ipo sebuleni kwa jirani yangu.

Siku moja nikamchokoza. "Shikamoo mzee. Hivi Kigoma nzima hakuna kingine cha kuchora? Si kuna meli ya Liemba, si kuna michikichi?"

"Marahaba," akasema, brashi haijasimama. "Mwanangu, hiyo taa bado haijawaka."

Nilidhani ananipiga chenga. Kumbe alishanijibu.

Nunua rangi nyeupe kuliko zote dukani, ipake ubaoni, kisha usiku uuweke ubao huo nyuma ya karabai inayowaka. Weupe wote ule utauona kama kijivu. Rangi haina mwanga wake. Inarudisha tu ule unaoiangukia. Kwa hiyo mchoraji hawezi kuiwasha taa. Anachoweza ni kukoleza giza linaloizunguka mpaka jicho lidanganyike. Akilizidisha, mtumbwi na watu wanamezwa. Akilipunguza, taa inazimika. Na hapo hajagusa maji, ambako mwanga hauangukii kama doa bali unavutika kuwa mstari mrefu kumfuata anayetazama, huku mawimbi yakiukatakata. Upepo ukibadilika, hesabu inaanza upya.

Wavuvi wenyewe wanaijua hesabu hiyo. Wanaingia ziwani kwenye giza, mbalamwezi ikishika wanapumzika, maana taa haiwezi kushindana na mwezi kuwavuta dagaa. Mzee anafanya ubaoni kile wanachokifanya majini.

Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sababu kubwa: mchoraji mkongwe harudii kitu, anarudia swali. Mfaransa Claude Monet alichora mayungiyungi ya bwawa la nyumbani kwake picha zipatazo 250, katika miaka kama thelathini ya mwisho wa maisha yake. Mayungiyungi yale hayakuwa na jipya la kumwambia. Alichokuwa akikifukuza ni mwanga juu ya maji, na alikifukuza hata mtoto wa jicho alipomfanya azione rangi zikigeuka nyekundu na kahawia, mpaka akafanyiwa upasuaji mwaka 1923.

Ila kuna sababu nyingine, ya utotoni. Mchoraji Sam Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma na kufundisha Makerere, akaenda kusoma London, na baada ya uhuru akawa mwakilishi wa Tanganyika huko Uingereza. Mtu aliyezunguka hivyo ungetegemea achore madaraja na majumba ya watu. Wapi! Alichora migomba, watu wakilima pamoja, sherehe za Uchagani. Jumba moja la makumbusho la New York lina picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku. Mwalimu wake Makerere, Margaret Trowell, alikuwa akiwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, nao walichore jinsi walivyoliona kichwani. Anayefundishwa hivyo huchota kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu nzito ni ya kule alikokulia. Mzee wetu naye amekulia mwaloni, ufukweni kwa wavuvi.

Tusijifanye watakatifu, soko nalo lina mkono wake. Edward Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli na akafariki mwaka 1972, lakini wanyama wake wanachorwa hadi leo kwa sababu watalii wananunua. Mara nyingi kurudia huko hakuna swali ndani yake, ni oda tu. Ukitaka kujua ni kupi, zipange picha za mtu kwa miaka yake uangalie kinachohama. Kisipohama chochote, ujue ni oda.

Kwa mzee wa Ujiji kinahama. Kwenye picha ya kwa kinyozi, ambayo ni ya zamani, mwanga ni wa manjano, wa karabai. Siku hizi wavuvi wengi wamehamia kwenye taa za betri na sola, na mwanga wake ni mweupe unaoelekea bluu. Nilipopita kwake juzi alikuwa na ubao mpya wenye mitumbwi miwili, mmoja wa karabai, mwingine wa sola. Ule wa sola alikuwa ameufuta mara mbili.