Figo huchuja, lakini kazi kubwa inafanywa na mirija

Matangazo ya dawa za "kusafisha figo" yana maelezo yale yale: figo ni kama chujio la chai, damu inapita, uchafu unanaswa, mwisho chujio linaziba, basi nunua chupa hii. Shida si kusema figo inachuja, maana kweli inachuja. Shida ni kudhani kwamba chujio hilo linajua kizuri na kibaya. Halijui. Linachojua hasa ni ukubwa. Chembe za damu na protini kubwa hubaki kwenye damu, na vyote vidogo hupita: maji, chumvi, sukari, na urea, yaani taka inayotokana na protini.

Kila figo ina nefroni zipatazo milioni moja. Nefroni ni fundo la mishipa midogo mno ya damu, na mrija mwembamba unaoanzia hapo. Kwa siku, mafundo yote hayo hupitisha kama lita 180 za majimaji. Sisi tunakojoa lita moja na nusu hivi. Maji ya damu mwilini, ukiondoa chembe zake, hayafiki hata lita nne, kwa hiyo kama kila kilichochujwa kingekuwa taka, tungekauka kabla ya saa moja kwisha.

Kama figo huchuja kwanza kisha hurudisha, jambo hilo lilibishaniwa tangu miaka ya 1840, mpaka mwaka 1924 Joseph Wearn na A. N. Richards wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipochoma sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, kwenye mwanzo wa nefroni ya chura. Majimaji waliyovuta yalikuwa na sukari na chumvi, hata pale mkojo wa kibofuni ulipokuwa hauna sukari. Maana yake sukari ilishuka mrijani, ikarudishwa njiani.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Sehemu ya kwanza ya mrija hurudisha theluthi mbili hivi ya chumvi na maji, karibu sukari yote, na kama nusu ya urea. Na hapa kuna kosa la pili, ambalo huniudhi zaidi: watu husema figo "inasukuma maji". Mwili hauna pampu ya maji. Una pampu za sodiamu, ambazo hula nishati kweli kweli, na maji huifuata chumvi pale ukuta wa mrija unapoyaruhusu. Mahali pengine hauyaruhusu. Kwenye kitanzi cha Henle, sehemu ya mrija inayoshuka ndani ya figo kisha kupanda tena, mkono unaoshuka hupitisha maji, lakini ule unaopanda hutoa chumvi na kuyazuia maji kabisa. Ndiyo maana kina cha figo huwa na chumvi kali. Furosemaidi, anayopewa mgonjwa aliyevimba miguu na ambayo mitaani huitwa "dawa ya kutoa maji", haigusi maji hata kidogo. Huziba milango ya chumvi kwenye mkono huo unaopanda. Chumvi ikibaki mrijani, maji hubaki nayo, na mgonjwa anakimbilia chooni.

Urea nayo imesingiziwa. Ini huitengeneza kutokana na mabaki ya protini, na ni kweli lazima itolewe. Lakini figo huitumia kwanza. Mwili ukipungukiwa maji, ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, nayo hufanya mambo mawili kwenye mirija ya mwisho: huongeza vijitundu vya maji viitwavyo akwaporini, na hufungulia urea milango yake. Urea haisukumwi na pampu. Huteremka tu kutoka ilikojaa kwenda ilikopungua. Ikitoka huingia kwenye nyama ya ndani ya figo, nyingine hurudi kwenye kitanzi na kuanza safari upya. Mkusanyiko wa vitu pale chini kabisa hufika mara nne ya ule wa damu, na karibu nusu yake ni urea. Ukali huo ndio unaovuta maji kutoka mrijani na kuacha mkojo mzito wa njano. Anayekula protini kidogo mno kwa muda mrefu hupoteza sehemu ya uwezo huo, kwa sababu urea yenyewe imepungua.

Kwa hiyo anayesema figo huchuja damu hajakosea, ila ameishia mwanzoni. Aongeze tu kwamba katika lita 180 zilizochujwa, zaidi ya 178 hurudishwa, na kwamba maji hurudi kwa kufuata chumvi na urea. Na kuhusu ile chupa: mafundo yale huharibiwa zaidi na kisukari na presha isiyotibiwa, na hayo hayazibuliwi kwa juisi. Hupimwa hospitali.