Nusu Kaputi ya Kuvuta kwa Pumzi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mkazi wa Nairobi anapoambiwa kwamba atapasuliwa, mara nyingi huiogopa nusu kaputi kuliko kisu, na jina lenyewe halimsaidii, kwa kuwa linamletea picha ya mtu aliyekufa nusu. Dhana nyingi zinazosikika kwenye benchi za kusubiria daktari zina mzizi mmoja: watu huidhania dawa hiyo kuwa kipimo kinachotiwa mwilini mara moja na kuachwa hadi kiishe nguvu, kama sindano.

Ndiyo maana husemwa kwamba upasuaji ukichelewa dawa itaisha na mgonjwa ataamka tumbo likiwa wazi. Isoflureni na sevoflureni, ambazo ni dawa za nusu kaputi ya kuvuta, ni vimiminika ambavyo mashine huvigeuza mvuke na kuvichanganya na oksijeni, kisha mvuke huo hupita mapafuni, ukaingia katika damu na kufika kwenye ubongo. Maadamu mgonjwa anaendelea kuuvuta, usingizi unaendelea. Ukifungwa, sehemu yake kubwa hutoka kwa njia ile ile uliyoingilia, yaani pumzi. Kuzinduka kabla ya wakati kumewahi kutokea, ila ni kwa nadra, na mtaalamu wa usingizi hukaa kando ya mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho akiusoma kwenye mashine mvuke uliomo katika kila pumzi anayoitoa.

Kitambaa cha klorofomu, dawa ya usingizi ya zamani, kinachomwangusha mtu papo hapo ni cha filamu tu. Dawa hiyo, ambayo daktari James Young Simpson wa Edinburgh, Uskoti, alianza kuwapa wajawazito mwaka 1847, huhitaji dakika kadhaa za kuvutwa mfululizo, na tena ni ya hatari: mwaka 1848, Hannah Greener, msichana wa miaka 15, alifariki nchini Uingereza alipopewa ili atolewe ukucha wa mguu.

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba huu ni usingizi wa kawaida, hivyo kikombe cha chai asubuhi ya upasuaji hakidhuru. Mtu aliyelala kitandani kwake hukohoa kitu kikimpalia. Aliye chini ya dawa hawezi, na chakula kikipanda kutoka tumboni chaweza kuingia mapafuni. Kwa kawaida mgonjwa aliye mtu mzima huacha chakula muda wa saa 6 kabla ya kupewa dawa, na maji muda wa saa 2 kabla. Chai yetu ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Ya rangi huhesabiwa pamoja na maji.

Dhana nyingine, inayonivutia zaidi, ni ya wanaojua hesabu: kwamba asilimia 2 ya dawa katika hewa anayovuta mgonjwa mjini Mombasa ni sawa na asilimia 2 mjini Nairobi. Ubongo hauhesabu asilimia, bali huitikia shinikizo la mvuke wenyewe, na Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina shinikizo la hewa linalokaribia asilimia 80 ya lile la pwani. Kwa bahati njema, kifaa cha kawaida cha kugeuza isoflureni kuwa mvuke hujirekebisha chenyewe: hewa inapopungua shinikizo, kifaa hutoa asilimia kubwa kidogo kuliko iliyoandikwa, na nguvu ya dawa ikabaki karibu ile ile. Gesi ya kuchekesha (nitrasi oksidi), dawa nyingine ya kuvutwa ambayo tangu mwanzo ni gesi na huchanganywa kwa uwiano tu, haina msaada huo, kwa hiyo mchanganyiko wa nusu gesi hiyo na nusu oksijeni ni dhaifu Nairobi kuliko Mombasa.

Wapo pia wanaoona kwamba daktari anachimba mambo ya ukoo anapouliza kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida akipewa nusu kaputi. Anatafuta dalili za hitilafu adimu ya kurithi ambayo humfanya mtu akivuta mivuke hii akakamae misuli na kupanda joto kwa hatari. Akijibiwa kwamba yupo, mvuke huachwa, na mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa za mshipani.