Kiswahili hakikuniuliza mwenzangu ni nani

Kazi yangu ni ukalimani. Nakaa kati ya watu wawili wasioelewana lugha, hapa Kampala, mara nyingi kwenye vyumba vya ushauri nasaha. Ninachosikia kwa Kiswahili nakitoa kwa Kiingereza, na cha Kiingereza nakirudisha kwa Kiswahili. Wengi ninaowasemea ni wakimbizi wa Kongo mashariki: Goma, Bukavu, Uvira. Kiswahili chao si cha Unguja, na changu ni cha kambini Jinja, maana baba yangu alikuwa askari, lakini tunaelewana.

Miaka michache iliyopita alikuja kijana mmoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Mshauri alikuwa mama Mganda, mpole, anayesikiliza kwa mwili mzima. Kijana akasema, "Mwenzangu alibaki kule. Alikuwa ananipigia simu kila jioni, halafu akanyamaza."

Hapo ndipo nilipokosea. Kiingereza hakikubali useme "alinipigia" ukaishia hapo. Kinakudai uchague kwanza: he au she, wa kiume au wa kike. Nikasema she, bila hata kufikiri. Mshauri akalidaka, akauliza she alipiga mara ya mwisho lini. Nikageuza: "Mara ya mwisho alikupigia lini?" Kwa Kiswahili jinsia ikayeyuka. Kijana akajibu, "Kabla ya Pasaka." Nikarudi na she yangu tena.

Alikuwa na chupa ya maji mkononi. Kila nikitamka neno lile, alichuna kipande cha lebo na kukiweka juu ya goti. Kiingereza cha shuleni alikuwa nacho, cha kutosha kusikia nilichokuwa namfanyia. Nilipoona vipande vinne vimepangwa gotini nikaelewa. Nilikuwa nimempa mke ambaye hakuwahi kumtaja, na kunisahihisha asingeweza, maana kunisahihisha kungekuwa kujitangaza mbele ya watu wawili asiowajua, katika nchi ambayo hajamaliza hata kuizoea.

Mkalimani akitaka kusema lake mwenyewe hujitaja kama mtu wa tatu. Nikainua mkono, nikasema: "Mkalimani anaomba kurekebisha. Kiswahili hakionyeshi jinsia ya mtu anayetajwa. Mkalimani alikisia, na hakupaswa. Kuanzia sasa atasema 'mwenza'." Kisha nikamwambia kijana maneno yaleyale kwa Kiswahili, neno kwa neno. Mshauri akaitikia kwa kichwa, akaendelea na "mwenza". Lebo iliyobaki haikuguswa tena. Siku ile hakusema zaidi, na hakuna aliyemlazimisha.

Tangu hapo nawaeleza wakalimani wenzangu kila ninapopata nafasi. Katika lugha zetu ile a- ya "anakuja", "alifariki", "ananipenda" inamtaja binadamu, basi. Kiganda nacho kiko hivyohivyo. Unaweza kusimulia miaka kumi ya mapenzi, ugomvi, kupatana, kuuguzana na kuzikana, na msikilizaji asijue kama uliyempenda ni mwanamke au mwanamume. Nimewaona Wakongo waliosoma wakieleza habari zao kwa Kifaransa kizuri, wakifika kwa mtu wao wanahamia Kiswahili ghafla. Wanaingia kujihifadhi. Mkalimani anayekisia anawavunjia mlango.

Naijua hifadhi hiyo kwa sababu nami nimeishi humo. Mimi ni mwanamke, na ninampenda mwanamke. Kwa miaka mingi nilizungumza na mama yangu kuhusu mpenzi wangu bila kusema uongo hata mmoja. "Kuna mtu," nilimwambia. Anafanya kazi gani? Ni fundi cherehani. Anakutunza? Ananitunza. Anasali? Anasali kuliko mimi. Mama aliridhika, nami niliridhika, na ile a- ikatubeba wote wawili. Hadi siku moja, tukiwa tunamenya matoke uani, akauliza: "Sasa atakuoa lini?"

Hapo Kiswahili kilinishika. Tuna kuoa na tuna kuolewa: mmoja atende, mwingine atendewe. Kisu kilibaki kwenye ndizi. Ningeweza kusema "tutaoana", lakini mama angesikia kwamba neno limekwepeshwa. Nikasema, "Mama, huyo mtu hawezi kunioa." Akamenya mbili, tatu. Kisha akasema, "Basi mlete ale." Hajauliza tena tangu siku ile, na mtu wangu amekula pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kijana wa pili niliyemsemea aliniuliza kama Kiswahili kina neno zuri la watu kama yeye. Nilimjibu kwa kweli: majina yaliyozoeleka mengi ni ya tendo au ya tusi. "Msagaji" limetoka kwenye kusaga, kama vile mtu mzima anaweza kuelezwa kwa mwendo mmoja wa mwili. "Hanithi" ni la kudhalilisha. "Shoga" lina historia ya ajabu: huko pwani wanawake wameitana shoga miaka na miaka, yaani rafiki wa karibu wa kike, bila aibu yoyote, na neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume linageuka jiwe. Hapa Uganda tunaitana "kuchu". Ni neno letu, tumelizoea, na halina tope la mtaani. Wapo wasiolitaka, na hao nao wana haki yao.

Lakini kwenye vitenzi Kiswahili kimenifundisha jambo ambalo sijaliona likielezwa vizuri zaidi mahali pengine. Tunasema "navutiwa naye". Ni kauli ya kutendwa. Anayevutiwa hakufanya kitu. Kamba imefungwa upande wa pili, yeye anahisi tu inavyovuta. Tunasema pia "moyo umempenda", na mtendaji ni moyo, si mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne pale kambini, kwenye foleni ya bomba, nikimtazama binti wa sajini akijitwisha ndoo. Maji yalimwagikia shingoni, akacheka, na mimi nikasahau zamu yangu ikanipita. Sikuwa nimetenda lolote, wala sikuwa na jina lolote. Kulikuwa na mvuto peke yake, na ulikuwa wa kweli kama ile ndoo.

Washauri ninaofanya nao kazi hutenganisha mambo matatu: mvuto, tendo, na jina ambalo mtu anajiita. Yanaweza kwenda pamoja na yanaweza yasikutane kabisa. Kuna mwenye tendo asiye na jina, mzee mwenye mke na wajukuu ambaye hatajiita kitu chochote. Kuna mwenye jina na mvuto ambaye amelala peke yake miaka minane. Nikiwa kazini siruhusiwi kuyachanganya. Mtu akisema "nampenda", siwezi kumtolea neno la kitandani.

Sheria nayo ilijikuta ikilazimika kutenganisha. Muswada dhidi ya mapenzi ya jinsia moja uliopitishwa na Bunge letu Machi 2023 uliharamisha hata kujitambulisha tu. Rais aliurudisha, na sheria iliyotiwa saini tarehe 26 Mei 2023 ikaliondoa kosa hilo, ikashikilia tendo: kifungo cha maisha, na hukumu ya kifo kwa makosa iliyoyaita mazito. "Kuhamasisha" ni hadi miaka ishirini. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vichache, kikiwemo cha kuwapangisha watu kama sisi nyumba na kile cha wajibu wa kwenda kutoa taarifa, ikaacha sheria yenyewe isimame. Ndiyo maana jina langu halipo kwenye ukurasa huu. Nachukia kutoliandika. Naeleza niliyoyaishi na ninayoyajua kazini, na ningependa kuyatia saini.

Sasa neno Pride, jina la sherehe za kila mwaka za watu kama sisi. Niliwahi kukaa kwenye mkutano ambapo mwenzangu wa kazi alilitafsiri kuwa "majivuno". Nilisikia ukumbi ukipoa. Majivuno na kiburi ni vile vya kwenye Mithali, vinavyomtangulia mtu kwenye anguko, na Kiganda kina amalala, ambayo hakuna mzazi anayetaka kuiona kwa mwanawe. Neno sahihi ni fahari. Mtu huona fahari juu ya mtoto aliyefaulu, juu ya shamba lililostawi, juu ya bibi aliyelea mayatima sita. Fahari haihitaji kumshusha mtu mwingine. Sherehe hizi zilianzia kwenye maandamano ya New York ya Juni 1970, mwaka mmoja baada ya watu kukataa kupigwa na polisi kwenye baa ya Stonewall, nao walikuwa wakidai jambo hilo dogo: kutembea mchana.

Juni kwetu ina mahujaji tayari. Tarehe 3 nchi nzima inaelekea Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, na kila mwaka kuna mahubiri yanayomleta Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na vijana wa ikulu waliokataa kulala naye. Upande wetu nao kuna wanaomchukua Mwanga kama ushahidi kwamba tulikuwepo Buganda kabla ya sheria za Mwingereza. Mimi nakataa pande zote mbili. Kuwepo tulikuwepo, lakini mfalme mwenye uwezo wa kukuchoma moto siyo mpenzi wako. Wale vijana walikuwa na haki ya kusema hapana, na nikipita Namugongo nawaombea kwa moyo wangu wote.

Pride ya kwanza ya Uganda ilifanyika Agosti 2012 huko Entebbe, kwenye bustani ya mimea kando ya ziwa, Kasha Jacqueline Nabagesera akiwa miongoni mwa walioiandaa. David Kato hakuiona. Mwalimu yule aliuawa nyumbani kwake Mukono tarehe 26 Januari 2011, wiki chache tu baada ya yeye na wenzake kulishinda mahakamani gazeti lililochapisha picha zao na kutaka wanyongwe. Mwaka wa kwanza niliogopa, sikwenda. Nilikwenda 2014. Tarehe 1 Agosti mahakama ilikuwa imefuta sheria ya kwanza ya Bunge dhidi yetu, iliyotangulia hii ya 2023, kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia, na Jumamosi ya tarehe 9 watu wakakusanyika tena Entebbe.

Usiku wa kuamkia siku ile mtu wangu alishona mkanda wa rangi za upinde wa mvua, zile za bendera ya Pride. Yeye hushona gomesi, yale magauni marefu ya akina mama wa Kiganda, na chini ya cherehani yake kuna gunia la mabaki. Alichagua nyekundu ya gomesi ya harusi, chungwa, njano ya kitambaa kinachong'aa mpaka kinakera macho, kijani, buluu. Zambarau haikuwepo. Tukatafuta hadi saa saba usiku, akaamua kufumua bitana ya koti lake mwenyewe, iliyokuwa na rangi ya biringanya. Mkanda ulikuwa mpana kama ule wa gomesi yenyewe, na fundo tukalifunga mbele, wanavyofunga mama zetu. Nilivaa barakoa ya karatasi. Karibu na maji kulikuwa na wale wadudu wa ziwani, wingu zima, wakiingia mdomoni kila nikicheka, na nilicheka sana. Kwa muda wa kama saa moja nilimshika mkono mchana, kwenye nchi yangu.

Baada ya hapo njia ilizibwa. Agosti 2016 polisi walivamia sherehe kwenye klabu Kabalagala, 2017 ikafutwa kwa vitisho vya serikali. Siku hizi tunafanyia ndani. Mwaka jana tulikuwa wanawake saba kwenye chumba kimoja, mapazia yamefungwa, redio ikisikika hadi barazani ili majirani wasikie injili na si mazungumzo yetu. Tulipika pilau. Mkanda ukatolewa ndani ya foronya unakokaa, kila mtu akaufunga kwa zamu, akasimama katikati, akamtaja mpenzi wake kwa jina kamili. Mmoja alitaja jina la aliyekufa, na tukakaa kimya hadi alipofungua fundo mwenyewe.

Yule kijana wa lebo alirudi mara nyingi. Kwa miezi minne nilisema "mwenza", na mshauri akasema "mwenza", na hakuna aliyechoka. Kisha asubuhi moja alikuja amenyoa, akakaa, akaweka chupa ya maji chini. Akamtazama mshauri, si mimi, ingawa Kiingereza chake hakikutosha kwa alichotaka kusema. "Mwenzangu amepatikana. Yuko Bujumbura, mzima. Ni mwanamume. Naomba muandike hivyo."

Nikatafsiri. Nilipofika kwenye neno he sauti yangu haikuwa ya kikazi, na mshauri alisubiri nimalize.