Kwa nini rauta ikiwaka huandika kwamba ni mwaka 1970?

Umeme umekatika, umerudi, taa za rauta zinawaka, lakini intaneti hakuna. Unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, unafungua sehemu ya kumbukumbu za mfumo, ile ambayo mafundi huiita logi, na unakutana na mstari kama huu:

1970-01-01 03:00:41 pppd: Timeout waiting for PADO packets

Wengi wakifika hapo hufunga ukurasa wakidhani rauta imeharibika, au kuna mtu ameiingilia. Hapana. Mstari huo una habari nyingi kuliko utakazopewa na mhudumu wa simu, na habari ya kwanza imo kwenye hiyo tarehe ya ajabu.

Simu na kompyuta huwa na chanzo kidogo cha umeme kinachoendesha saa hata zikizimwa. Rauta nyingi za nyumbani hazina. Zikikosa umeme saa hupotea, na zikiwaka tena huanza kuhesabu sekunde kutoka sifuri. Rauta nyingi huendeshwa na Linux, programu endeshi ambayo ilirithi namna ya kuhesabu wakati kutoka mfumo wa zamani wa Unix, na sifuri ya hesabu hiyo ni saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele, kwa hiyo rauta iliyowekewa saa za kwetu huanzia 03:00, yaani saa tisa usiku. Zile sekunde 41 ni muda ambao imekuwa ikifanya kazi tangu iwake.

Rauta haiwezi kujua tarehe ya kweli mpaka ifike intaneti. Ikishafika, huuliza saa kwa seva kupitia utaratibu wa NTP, ambao David Mills wa Marekani aliuchapisha mwaka 1985 na hadi leo ndio unaolinganisha saa za mitambo duniani kote. Hapo ndipo utaona logi inaruka ghafla kutoka 1970 hadi tarehe ya leo. Kwa hiyo mstari wenye 1970-01-01 03:47 unasema wazi: rauta ilizimika, ikawaka, na kwa dakika 47 haijapata saa kutoka nje. Rauta nyingine huanzia mwaka 2000 au tarehe ambayo programu yake ilitengenezwa, lakini kanuni ni ileile.

Sasa hapa pana jambo ambalo natamani kila mwenye rauta alijue. Logi ya rauta nyingi hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukizimwa. Mtandao ukisumbua, ushauri wa kwanza tunaopewa ni kuzima na kuwasha. Ukifanya hivyo kabla ya kusoma logi, umefuta ushahidi wote wa kilichotokea, na kinachobaki ni mistari mipya ya 1970. Soma kwanza, piga picha, ndipo uzime.

Kuifikia hakuhitaji intaneti. Anwani imeandikwa kwenye kibandiko chini ya rauta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na unaiandika kwenye kivinjari. Ukitumia simu, zima data kwanza. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti hupitisha mawasiliano kwenye data kimyakimya, halafu ukurasa haufunguki na wewe unailaumu rauta.

Angalia kwanza kama tarehe zimefuatana. Kama intaneti ilikatika saa mbili usiku na logi inaendelea bila kurudi 1970, rauta haikuzimika. Shida iko kwenye laini. Kama kila mtandao unapokatika unakuta logi imeanza upya, rauta yenyewe ndiyo inayozimika: adapta imechoka, plagi imelegea kwenye soketi, au rauta inapata joto kupita kiasi. Hapo kumwita fundi wa laini ni kupoteza siku. Kumbuka pia kwamba kama saa za eneo hazijapangwa, tukio la saa mbili usiku litaandikwa 17:00, na utalitafuta usilione.

Turudi kwenye ule mstari wetu. Laini nyingi za faiba na za waya wa simu huunganishwa kwa utaratibu wa PPPoE. Rauta hubisha hodi kwa ujumbe uitwao PADI, na mtambo wa mtoa huduma huitikia kwa PADO. Timeout waiting for PADO packets maana yake hodi imepigwa na hakuna aliyeitikia. Neno la siri la akaunti bado halijaulizwa, kwa hiyo kulibadilisha hakusaidii kitu. Tafuta waya uliokatika au kuchomoka, tazama kama taa ya LOS, ile inayoonya kwamba mawimbi ya faiba hayafiki, ni nyekundu, na ukiona kwako kuko sawa, mtoa huduma aangalie upande wake.

Linganisha na PAP authentication failed, au CHAP badala ya PAP; hizo ni njia mbili za kuhakiki jina na neno la siri la akaunti. Huu ni ujumbe tofauti kabisa, maana hodi imeitikiwa. Laini ni nzima, ila akaunti imekataliwa: jina au neno la siri limekosewa, au akaunti imefungwa, pengine kwa sababu malipo yamepita muda wake.

Ukiona No response to 5 echo-requests, ujue rauta ilikuwa imeunganishwa, ikauliza mara tano kama upande wa pili bado upo, isipate jibu, ikakata yenyewe. Na LCP terminated by peer ni kinyume chake, yaani upande wa pili ndio uliokata. Ukiwa na mstari huo mkononi, hakuna haja ya kukubali kuambiwa kwamba shida ni rauta yako bila wao kukagua kwao.

Mistari ya ndani ya nyumba haina uzito huo. DHCPACK ni rauta ikikipa kifaa anwani. Hujirudia kwa sababu kifaa huomba kuongezewa muda nusu ya muda kiliopewa inapofika. Ukiwa saa 24, kitaomba kila baada ya saa 12. Ukiona kifaa usichokitambua, tazama herufi ya pili ya anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Ikiwa ni 2, 6, a au e, kwa kawaida ni anwani ya kubuni. Simu za iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na nyingi zenye Android 10 na kuendelea huficha anwani yao halisi namna hii, kwa hiyo mgeni huyo anaweza kuwa simu ya mwanao. Na AP-STA-POSSIBLE-PSK-MISMATCH inayojirudia ni dalili ya neno la siri la Wi-Fi lisilo sahihi; mara nyingi ni televisheni yenu ambayo haijapewa neno jipya.

Kinachotisha watu zaidi ni onyo la Port Scan (mtu anajaribu milango ya rauta) au DoS attack (rauta inamiminiwa maombi ili ielemewe) lenye anwani ya nchi ya mbali. Anwani zote za intaneti za mtindo wa IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu ya ZMap kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kuzipitia zote kwa chini ya saa moja. Kwa hiyo kuguswa ni jambo la kila siku. Rauta ikiandika kwamba imezuia, imezuia. Kinachostahili hofu ni mstari unaoonyesha mtu ameingia kwenye ukurasa wa mipangilio kwa mafanikio, saa ambayo si wewe. Hapo badilisha neno la siri la msimamizi mara moja, na uzime ruhusa ya kuisimamia rauta kutoka nje.

Ukimpigia mtoa huduma, usiishie kusema mtandao hausomi. Msomee mstari wa mwisho ulioandikwa kabla laini haijakatika, pamoja na saa yake, kisha mstari wa kwanza uliofuata.