Kabla hujanunua bodi na rangi za ndani, ulizia gundi kwanza

Swali tunalopata sana sisi tunaoshughulika na afya ya makazi ni hili, nikitaka nyumba yangu ndani iwe salama kwa familia na isiharibu mazingira ninunue matirio gani, na anayeuliza mara nyingi anategemea umtajie mianzi, mbao, mawe, vitu vya asili asili tu basi. Jamani haiko rahisi hivyo. Mwanzi wenyewe hauna shida kabisa, unakomaa ndani ya miaka 3 mpaka 5 wakati miti mingi ya mbao ngumu inachukua miongo, lakini ule wa kutandika sakafuni umechanwa vipande vyembamba ukabanwa kwa gundi alafu ukapigwa vanishi juu, sasa ukisikia harufu pale ndani si mwanzi huo, ni gundi na vanishi. Kwa hiyo ukiingia dukani uliza maswali mawili tu, hii kitu imeunganishwa na nini, na juu imepakwa nini.

Twende kwenye bodi maana ndo zimejaa majumbani, makabati ya jikoni, vitanda, meza za tv, nyingi ni MDF (nyuzi laini za mbao zilizobanwa kwa gundi), chipbodi (chembe za mbao zilizobanwa hivyo hivyo) au plaiwudi. Upande wa mazingira zina uzuri wake, MDF na chipbodi zinatumia sana mabaki ya mbao ambayo yangetupwa au kuchomwa. Shida ni kwamba nyingi zimeshikwa kwa gundi ya yurea na fomaldehaidi, viwanda vinaipenda kwa sababu ni rahisi na inakauka haraka, ila joto na unyevu vinaivunja polepole na gesi ya fomaldehaidi inakuwa inatoka kidogo kidogo kwa miezi hata miaka, mwanzoni ndo nyingi zaidi. Mwaka 2004 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO (Shirika la Afya Duniani), liliiweka fomaldehaidi kundi la 1, yaani ushahidi unatosha kwamba inasababisha saratani kwa binadamu. Sitaki mtu aogope kabati lake, ushahidi ule ulitoka zaidi kwa watu walioivuta kwa wingi makazini miaka mingi, lakini macho kuwasha, koo kukereketa, mwenye pumu kubanwa kifua, hayo yanaweza kukupata hapo hapo nyumbani. Mwongozo wa WHO wa 2010 unasema fomaldehaidi kwenye hewa ya ndani isizidi miligramu 0.1 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa wastani wa dakika 30.

Sasa utafanyaje. Tafuta bodi yenye alama ya E1 (daraja la bodi zinazotoa fomaldehaidi kidogo) au bora kuliko hiyo, zipo hata zile ambazo hazijaongezwa fomaldehaidi kabisa, na kama muuzaji hajui unachouliza basi omba aone kwenye karatasi za mzigo. Alafu kuna jambo ambalo mafundi wengi wanaruka na linaniumiza kweli, kabati linapakwa vizuri mbele pale panapoonekana, ila nyuma linapogusa ukuta, chini, kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu linaachwa hivyo hivyo. Gesi inapita sana hapo hapo, na maji pia yanaingilia hapo, bodi inavimba, na bodi ikishavimba hairandiki, inatupwa. Mwambie fundi azibe pande zote kabla hajafunga, mpe hela ya mkanda wa kingo na rangi ya ziada, inalipa. Na kama uwezo unaruhusu mbao halisi nunua hata chache, meza moja ya mbao unairanda na kuipaka upya mara nyingi, watoto wanakuja kuirithi, ila hakikisha imetoka msitu unaosimamiwa vizuri, alama ya FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu ya namna hiyo, inasaidia hapo.

Rangi nayo. Rangi ya maji kwa kawaida ina viyeyushi vichache kuliko rangi ya mafuta inayochanganywa na thina, hivi ndivyo vinavyoruka hewani na kukuumiza kichwa. Usidanganyike na maandishi ya haina harufu, kutokuwa na harufu siyo kutokuwa na kemikali, we angalia gramu za viyeyushi kwa lita (VOC) kwenye kopo. Kule Umoja wa Ulaya tangu 2010 rangi ya maji isiyong'aa ya ukutani hairuhusiwi kuzidi gramu 30 kwa lita, kwa hiyo hata kama haupo huko unayo namba ya kulinganishia. Kingine ni madini ya risasi, hasa kwenye rangi za mafuta za njano na nyekundu zile kali, WHO inapendekeza isizidi sehemu 90 kwa milioni, na kwa ubongo wa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Rangi ya zamani inayobanduka usiipige msasa mkavu wala kuichoma moto, lowesha kwanza, watoto na mama mjamzito wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Mimi binafsi naipenda sana chokaa kwa kuta. Mbichi ina alkali kali, pH yake inafika kama 12, ukungu unapata tabu kuota, ukuta unapumua, na inapokauka inavuta tena hewa ya kaboni kiasi. Fundi avae glavu na miwani tu maana inaunguza ngozi na macho.

Sakafuni sitakaa sana. Vigae, mawe na terazo havitoi gesi yoyote ya kuhangaika nayo, angalia tu gundi yake. Vinaili laini za PVC nyingi zimelainishwa kwa fthaleti, na wengi wanaziita linoleamu wakati linoleamu yenyewe inatengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa mbao au magome. Zulia la kubandika chumba kizima linatunza vumbi, afadhali dogo la kutolewa nje likapigwa na kuanikwa.

Ila kabla ya kununua chochote angalia ulichonacho. Kabati la zamani lililo imara limeshatoa gesi yake nyingi na halihitaji kiwanda kuwaka tena, ukilipaka upya umefanya vizuri kuliko kununua jipya lenye jani la kijani kwenye lebo. Isipokuwa vitu viwili. Mbao za zamani zenye ukijani wa dawa ya kuzuia mchwa zinaweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu, usizitengenezee meza ya chakula na usizichome jikoni. Na kama dari ni ya zamani ukashuku ni asbestosi (nyuzi za madini ambazo vumbi lake linadhuru mapafu), usiikate, usiitoboe, usifagie vumbi lake, kama haijavunjika iache ilivyo mpaka wapatikane watu wenye vifaa na ujuzi wa kuitoa.