Kansa ya damu kuondoka yenyewe: maswali ninayoulizwa sana wodini

Eti kansa ya damu inaweza kupona bila dawa?
Inatokea, sikatai, ila ni nadra mno. Hii ni kansa ya chembe za damu zenyewe, zinazaliana ovyo mpaka zile nzima zinakosa nafasi. Kuna wagonjwa wachache wa lukemia kali, yaani kansa ya damu inayokwenda mbio, waliopata nimonia au maambukizi makali kwenye damu, wakapona hayo na kansa nayo ikapotea bila kemo, yaani dawa za kuua kansa. Uganda nako mwaka 1971 iliripotiwa mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt, kansa nyingine ya chembe za damu, ambao ulinywea alipougua surua. Sasa msichosimuliwa ni kwamba hao wa lukemia wengi ugonjwa uliwarudia ndani ya miezi.

Basi tusubiri kwanza tuone?
Hapana. Burkitt inaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja mbili, mnasubiri nini?

Mgonjwa wetu kaongezewa damu, kachangamka, anakula. Si kapona?
Hajapona. Hapa ndipo mnaponichosha jamani. Hiyo damu ni ya mtu mwingine, inamshikilia wiki chache tu, kansa bado iko kwenye uboho, ndani ya mifupa damu inakotengenezwa, lakini mkiona viganja si vyeupe tena na kamaliza sahani ya ugali basi shangazi anasema turudi nyumbani, mnasaini mnaondoka, halafu mnamrudisha fizi zinavuja, miguu imejaa vidoa vyekundu, na kemo ambayo angeiweza siku ile sasa mwili hauiwezi. Kuchangamka sio kupona. Hajapona!

Mbona dawa ya chupa ilipunguza tezi zake?
Nyingine zinachanganywa steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe kama prednisoloni, na hizo kweli zinafanya tezi zinywee kwa muda. Tezi zikirudi zinarudi sugu, hazisikii dawa, na tukikata kinyama kupima majibu yanakuwa hayaeleweki.

Mzee wetu mbona daktari mwenyewe kasema asianze dawa!
Ndio, zipo kansa za damu zinazoenda taratibu, kama lukemia sugu ya limfu. Ila huyo anarudi kliniki kupimwa damu kila baada ya miezi kadhaa, hajaambiwa akae nyumbani anywe mizizi.

Tulishaondoka, tukirudi mtatugombeza?
Kidogo. Rudini leo, msingoje Jumatatu, na akiwa na homa au anavuja damu njooni hata usiku. Bebeni karatasi za vipimo, na hiyo chupa pia, msiifiche.